Damu ya Mzee kwa Mpangilio wa Alfabeti

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Fremu ya kona iko wazi! Muuza mitumba amehama asubuhi na marobota yake yote. Miyuji nzima, hapa Dodoma, hakuna fremu kama ile. Milango miwili, mmoja barabarani, mwingine kituoni. Mimi nimebanwa fremu ya nyuma, ubavuni mwa mtaro. Natengeneza simu na kupiga picha za pasipoti huku mteja kaziba pua. Picha zangu zote watu wamenuna. Si kosa la kamera.

Nikakimbia kwa mwenye jengo, Mzee Octavian, mstaafu wa serikali. Nikatoa shikamoo mbili, moja yake na moja ya mkewe aliyekuwa ndani. Mzee akaitikia zote mbili, akaniambia taratibu kwamba Brighton amenitangulia kuomba.

Brighton! Jirani yangu wa fotokopi. Shahada yake ya kompyuta kaitundika juu ya mashine ili mteja aisome akisubiri. Mimi Java, lugha ya kuandikia programu, nimejifunza peke yangu, kwa video za simu, kwa bando la usiku. Hakuna aliyenitundika popote.

Lakini mzee hajaamua! Jumamosi ya tarehe 16 ni sendofu ya binti yake, Anjelina, anaagwa kabla ya harusi. Wageni watapigwa picha mbele ya jengo, na jengo limechakaa. Atakayelipaka rangi, Mama Anjelina akaridhika, kona ni yake. Mzee akaandika majina nyuma ya kalenda: Athuman, Brighton. Mimi wa kwanza! Dalili njema. Hata shuleni nilikuwa wa kwanza miaka saba mfululizo. Kwenye kuita majina.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umekamilika! Brighton atakuja na brashi. Mimi nitakuja na programu. Jengo zima la Mzee Octavian litachorwa kwenye kioo cha laptop, kuta, milango, mpaka bati lililopinda. Mama Anjelina ataona nyumba imepakwa kabla ya kufungua kopo hata moja.

Kazi ya kupaka nimempa fundi aliye ndani ya programu. Wenyewe kwenye Java humwita method. Unambandika jina, halafu kwenye mabano unamkabidhi vifaa. Wangu anaitwa paka. Namkabidhi namba tatu: kiasi cha bluu, kiasi cha kijani, kiasi cha nyekundu. Yeye anazipitisha vilevile zilivyo kwa Color, fundi mkuu wa Java, na ukuta unapakika.

Kila namba inaanzia sifuri, inaishia 255. Nimepiga hesabu kwa kichwa, kisha kwa simu, zikalingana. Rangi 16,777,216! Brighton anauza karatasi nyeupe na karatasi ya njano.

Jambo moja liliniudhi. Kwenye video zote wanaanza na nyekundu, kisha kijani, kisha bluu. Kwa nini? Hakuna anayeeleza. Upendeleo mtupu. Kwangu mimi pana haki: bluu, kijani, nyekundu. Kialfabeti, kama darasani.

Nimejaribu nyeupe. Ikatoka nyeupe. Kijani, ikatoka kijani! Zambarau, bluu 128 na nyekundu 128, ikatoka zambarau tamu! Kijivu, kijivu! Nne kwa nne. Nimecheza peke yangu mpaka mteja aliyeleta simu ya kuzama majini akaichukua akaondoka.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Anjelina ameiona! Amekaa kwenye stuli yangu, mtandio puani, macho kwenye kioo. Kwanza akaona neno paka limejaa kila mahali, akauliza paka anahusiana nini na sendofu ya mwanawe, yeye manyoya yanampa mafua. Nikamweleza. Akasema haya, lakini akaendelea kumtafuta.

Nikampaka jengo jeupe. Akapenda. Akasema niongeze weupe kidogo. Nikamwambia mama, hizi ni 255 tatu, zimejaa mpaka mdomoni. Akashangaa. Akasema sokoni Majengo hata muuza dagaa anatoa nyongeza, sembuse mimi ninayeomba fremu.

Ana haki. Nikaongeza moja moja. 256, 256, 256. Programu ikaanguka palepale! Maneno mekundu yakajaa kioo. Mama Anjelina akasema huo sasa ni wekundu, yeye ameomba weupe.

Java haijui nyongeza. Watu gani waliitengeneza hii? Hawajawahi kwenda sokoni?

Nikairudisha kwenye 255, nikamwambia nimeongeza. Akasema umeona, hata wewe sasa inakupendeza. Akaondoka na furaha. Mlangoni akageuka: nyeupe basi, vumbi la Dodoma litaimaliza kwa siku moja. Anataka wekundu uliokolea, rangi moja na sare za kina mama. Damu ya mzee.

Mzee Octavian alikuwa anapita. Akauliza damu ya mzee gani tena, yake imeshanyonywa na wapangaji. Nilicheka zaidi ya inavyostahili. Ni mwenye jengo.

Alhamisi, 7 Agosti

Damu ya mzee: bluu sifuri, kijani sifuri, nyekundu 128. Rahisi kuliko zote! Nikabonyeza.

Jengo likawa bluu. Bluu ya giza, kama sare ya mgambo.

Nikabonyeza tena. Bluu. Nikafuta kioo kwa shati. Bluu. Nikawasha feni, labda laptop imepata joto. Bluu, na baridi.

Kosa langu lilikuwa kupiga kelele. Brighton akachungulia. Akasoma mistari yangu bila ruhusa, kama anayesoma gazeti la mwenzake. Akasema kaka Athuman, Color haulizi majina. Anahesabu nafasi. Wa kwanza kwenye mabano kwake ni nyekundu, hata ukimwita Bluu, hata ukimwita Shangazi. Ni kama foleni ya dirishani, anahudumiwa aliye mbele, si mwenye jina la herufi A.

Herufi A! Hapo nikamwelewa. Ni ile kalenda inamuuma.

Nikamuuliza mbona kijani ilitoka kijani, zambarau ikatoka zambarau. Akasema zile rangi zangu nne ni sawa ukizisoma mbele au nyuma, namba ya kwanza na ya tatu zimelingana, ndiyo maana sikugundua. Badilisha mpangilio kwa fundi wako, mara moja tu, umemaliza. Akaongeza, Java haijui Kiswahili.

Haijui Kiswahili! Wagogo wanakijua, Wachina wa barabara wanakijua, Java ni nani? Nikamwomba arudi kwenye fotokopi yake. Akasema haya kaka, usiseme sikukwambia.

Mtu anayeshindana na wewe hakupi dawa. Anakupa sumu ndani ya asali. Fundi sikumgusa.

Ila nimegundua njia yangu mwenyewe! Namba 128 nimeihamisha kutoka kwenye nyekundu nikaiweka kwenye bluu. Bluu 128, kijani sifuri, nyekundu sifuri. Jengo likawa damu ya mzee, nzuri, iliyokolea! Alfabeti haijavunjwa. Brighton hajashinda. Wakati mwingine shahada inamzuia mtu kuona.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi! Mzee na Mama Anjelina wamekaa mbele ya kioo kama wanatazama taarifa ya habari. Nikabonyeza. Damu ya mzee ikafunika jengo. Mama Anjelina akatoa kipande cha kitambaa cha sare kwenye mkoba, akakibandika juu ya kioo. Hakikuonekana kimeishia wapi! Akapiga kigelegele. Kwenye fremu yangu, kando ya mtaro, kigelegele!

Mzee akauliza hii kazi yenyewe inaitwaje. Nikamwambia naandika kodi. Akauliza ya mwezi gani. Tukaliacha hapo.

Brighton alikuwa na mpango wake. Alikuja na kopo dogo la rangi akataka kupaka kipande cha ukuta kwa nyuma, mama aone kwa macho. Mama Anjelina akamwambia mwanangu Brighton, siku hizi hatuchafui ukuta, tunatazama kwenye kompyuta. Nilitazama dari ili nisimtazame Brighton. Nilimtazama kidogo.

Programu inachapa na karatasi ya namba kwa ajili ya mashine ya kuchanganyia rangi. Nikaichapa, nikampa Lameck, fundi wa rangi, huyu wa kweli mwenye miguu. Ataanza Jumatatu. Wenye jengo wanaenda shambani kwao Chamwino, watarudi Alhamisi wakute maajabu.

Nimepima kona kwa hatua. Meza ya simu itakaa kushoto, kiti cha picha kulia. Watu wataanza kutabasamu kwenye pasipoti zao.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika nikiwa Chamwino! Mzee amenipigia asubuhi, wajomba wa Anjelina hawaamini habari ya jengo linalopakwa ndani ya kompyuta. Nikafunga fremu, nikabeba laptop, nikaja.

Wajomba watano, uani, juu ya mikeka. Nimewapakia jengo mara kumi na moja. Mjomba mkubwa akataka kuona na trekta lake likipakwa. Sina trekta kwenye programu, nikampakia mlango akaridhika.

Lameck amepiga simu mara moja. Eti bosi, una uhakika na hii karatasi? Mbele ya wajomba! Nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba karatasi imetoka kwenye kompyuta, yeye ametoka kwenye brashi, afuate karatasi. Akasema sawa bosi, mimi nafuata karatasi. Wajomba wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama Anjelina akaniongezea mlenda.

Nitalala huku. Mwenye kona halali pabaya.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi. Sina la kuandika.

Ninalo. Jengo ni bluu! Lote! Mbele, pembeni, mpaka ukuta wangu wa mtaroni! Nilishuka kituoni nikalipita, nikidhani nimeshuka kwingine. Ikabidi nisome namba ya nyumba.

Lameck alikuwa anaosha brashi, anapiga mluzi. Nikamuuliza kwa utulivu, kwa kelele, hiki nini. Akanionyesha karatasi yangu. Bluu 128, kijani sifuri, nyekundu sifuri. Akasema bosi, nilikupigia. Ukasema nifuate karatasi. Nimeifuata mpaka mwisho, hata choo sikukiacha.

Lameck naye! Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kompyuta. Yeye kaisoma kama mtu.

Brighton alisimama mlangoni kwake, mikono mfukoni. Sikumsikia akicheka. Mabega tu ndiyo yalikuwa yanatikisika. Akaniambia pole kaka. Nikamwambia namuona.

Jumatano, 13 Agosti

Siku moja imebaki. Sijakata tamaa! Nina mipango mitatu.

Wa kwanza, vumbi. Huu ni Agosti, upepo wa Dodoma unabeba ardhi nzima, na ardhi yetu ni nyekundu. Rangi bado inanata. Nikaondoa vizuizi vyote vya upepo, nikamwaga ndoo nne za udongo mkavu upande unakotoka upepo. Kwa hesabu yangu, mpaka jioni bluu ingekuwa imenyanyuka mpaka zambarau, na asubuhi damu ya mzee. Saa kumi upepo ukageuka. Fotokopi ya Brighton sasa ni damu ya mzee. Amefunga mapema, anakohoa.

Wa pili, kumwomba Anjelina abadilishe sare ziwe bluu. Nikampigia. Akauliza kaka Athuman, unaumwa? Kina mama sitini wameshashona.

Wa tatu ulikatizwa. Mama mmoja aliingia fremuni kwangu, Bi Joha, mfugaji wa huku juu, amekasirika. Akasema mbuzi wake ameibiwa tangu jana na anataka iandikwe. Nikamwambia mama shikamoo, hapa tunatengeneza simu. Akatazama kuta, bluu juu mpaka chini. Akasema marahaba, usinizungushe afande, nyie ndivyo mlivyo siku zote.

Hakutoka. Ikabidi niandike. Jike, pembe moja imevunjika, rangi ya maji ya kunde. Akanishukuru. Akasema mimi ni polisi wa kwanza kumpa kiti.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamerudi.

Mama Anjelina alishuka kwenye gari, akatazama jengo, akatoa kitambaa cha sare mkobani, akakibandika ukutani. Safari hii kilionekana kimeishia wapi. Hakupiga kigelegele. Akaniita Athuman, jina lote, polepole. Akauliza kama nataka mwanawe aagwe kituo cha polisi.

Nikamkumbusha kwamba kwenye kioo ilikuwa damu ya mzee. Nikafungua laptop nimwonyeshe. Ilikuwa damu ya mzee! Nikasema mama, mimi nimetimiza, ukuta ndio umekosea. Mzee Octavian akasema basi wageni tuwapige picha mbele ya laptop.

Brighton akaja na kopo lake dogo. Akapaka kipande kimoja, upana wa sinia. Mama Anjelina akabandika kitambaa. Hakikuonekana. Dakika moja! Bila programu! Bila hata kuandika mstari! Na huyu ndiye mwenye shahada ya kompyuta. Aibu.

Mzee akaleta kalenda, akakata jina la kwanza. Kona ni ya Brighton.

Lameck ameanza kupaka upya, mbele na pembeni. Mimi nimeketi fremuni na hesabu zangu, maana kuna jambo moja la Brighton nimelipima nikaona ajabu. Alisema rangi zangu nne za majaribio namba ya kwanza na ya tatu zilikuwa sawa. Ni kweli. Rangi za hivyo ni moja katika kila 256. Kuzipata nne mfululizo ni bahati moja katika 4,294,967,296! Watu wote duniani wakigawana nusu kwa nusu, ni mimi peke yangu upande wangu! Na yeye anaita kosa!

Jumapili, 17 Agosti

Sendofu ilifana jana. Kina mama sitini wamesimama mbele ya ukuta, sare na ukuta kitu kimoja. Kwenye picha vinaonekana vichwa sitini vinaelea na mikono inapiga makofi. Anjelina alivaa nyeupe, akaonekana vizuri sana. Mama Anjelina amelia kwa furaha. Amemshukuru Brighton kwa kipaza sauti. Mimi ameniletea pilau mwenyewe mpaka fremuni, akasema Athuman, kula, umekonda. Sikutaka. Nilikula.

Brighton amehamia kona. Alipobeba shahada yake akapita kwangu, akasema kaka, nipe dakika tano nikurekebishie yule fundi wako, ni kugeuza namba mbili tu. Nimemwambia asante, hatuna mgonjwa.

Nisikilizeni, enyi kurasa! Rangi ilimwishia Lameck kabla hajafika nyuma. Ukuta wangu umebaki bluu! Tangu juzi wameingia watu kumi na tisa. Baiskeli imepotea, kuku wamepotea, mume wa mtu amepotea. Hakuna anayeziba pua, wanaogopa. Na wote wanasubiri kwa adabu! Kona ingenipa wapi wateja wenye adabu?

Nina mpango mpya, mkubwa kuliko wote! Programu ya kuchora mifugo iliyopotea. Unataja sifa, mnyama anatokea kwenye kioo, picha inachapwa, inabandikwa mpaka Chamwino, mpaka Mtumba kwenye wizara! Fundi mpya nimeshamwandika. Namkabidhi vitu sita kwenye mabano: bluu, kijani, kwato, mkia, nyekundu, pembe. Vyote kialfabeti. Mtu akiacha utaratibu, anabaki na nini?

Bi Joha amekuja jioni, mbuzi bado hajaonekana. Nikamkalisha. Maji ya kunde: bluu 51, kijani 111, nyekundu 150. Pembe moja nzima, moja nusu. Nikabonyeza.

Akatokea mbuzi mzuri kabisa, wa bluu.

Bi Joha akamhesabu pembe kwa kidole. Akasema afande, wangu hakuwa hivi. Nikamwambia mama, sasa umeelewa kwa nini hapatikani. Siku zote hizi mmemtafuta kwa rangi isiyo yake.